Taasisi Zikigeuzwa, Mbegu Inabaki kwa Nani?

KILA mwaka, katikati ya mwezi wa Novemba, mkulima wa Dutwa, Nkololo au Ngulyati wilayani Bariadi hutazama mambo mawili: mawingu na mbegu. Mawingu ni kazi ya Mwenyezi Mungu. Mbegu ni kazi ya binadamu, na tena ni kazi ya watu wengi ambao mkulima huyo hajapata kuwaona kwa macho: mtafiti aliyeko Ukiriguru, afisa wa Bodi ya Pamba, mwenye kinu cha kuchambulia, na hata wajumbe wa mikutano ya ng'ambo ambako huamuliwa utafiti gani upewe fedha na upi usimame. Vivyo hivyo ndugu zetu wa visiwani, wa Ukerewe na Ukara, wakatapo pingili za muhogo tayari kwa kupanda, wanashika mkononi matunda ya kazi iliyopita katika nchi nne au tano na katika mikono ya taasisi ambazo nyingi zimekwisha kufa.

Leo tungependa kuzungumza juu ya taasisi hizo, na hasa juu ya jambo moja ambalo viongozi wahusika hawalitilii maanani vya kutosha. Ni nani anayeshika mbegu siku ambayo taasisi inabadilishwa?

Kwa miaka kadhaa sasa tumekuwa tukisikia habari za mageuzi. Muungano wa kimataifa wa vituo vya utafiti wa kilimo, ujulikanao kwa herufi CGIAR, ulianzishwa mwaka 1971. Ndani yake kimo kituo cha IITA cha Ibadan, Nigeria, chenye ofisi Dar es Salaam, na kituo cha mifugo cha ILRI, Nairobi. Kila kituo kilikuwa na bodi yake, mhasibu wake na wafadhili wake. Mwezi wa Novemba 2019, katika mkutano uliofanyika Chengdu, China, uliamuliwa mpango wa kuviunganisha vituo hivyo chini ya uongozi mmoja. Kuanzia mwaka 2022 kazi zao zikapangwa upya katika mipango ya miaka mitatu mitatu, na mwaka 2025 ukaanza mpangilio mwingine. Mwaka huo huo wa 2025 Serikali ya Marekani ikalifunga shirika lake la misaada, USAID, lililokuwa miongoni mwa wafadhili wakubwa wa utafiti huo. Hapa nyumbani nako, Sheria Namba 10 ya mwaka 2016 iliunda Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, nayo ikavitoa vituo vya utafiti katika idara ya Wizara na kuviweka chini ya bodi na Mkurugenzi Mkuu.

Hatuandiki kuyapinga mageuzi hayo. Mtu mwenye akili timamu hawezi kutetea wahasibu kumi na watano pale ambapo wangetosha watatu, wala hawezi kufurahi kuona vituo viwili vikitafiti jambo moja bila kuulizana. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Wavuvi wa Nansio hawahitaji kufundishwa methali hiyo. Tunalotaka kulisema ni kwamba mageuzi ya taasisi ya utafiti si sawa na mageuzi ya duka. Duka likifungwa mwezi mmoja kwa ajili ya kuhesabu mali, sukari haifi. Muhogo hufa.

Hebu turudi nyuma kidogo, maana kwetu Kanda ya Ziwa jambo hili si geni.

Pamba ya Usukuma ililelewa na mtandao wa kimataifa kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Mwaka 1921 Waingereza waliunda shirika la kuendeleza kilimo cha pamba katika makoloni yao. Lilikuwa na watafiti kutoka Afrika Kusini hadi Sudan, na mwaka 1950 likafungua kituo kikubwa cha Namulonge, Uganda. Nia yake ilikuwa kuvilisha pamba viwanda vya Uingereza, na hilo hatulifichi. Lakini ndani ya nia hiyo mlikuwa na elimu iliyowafaa wakulima wetu. Huko Barberton, Afrika Kusini, mtafiti F. R. Parnell alichagua mimea ya pamba yenye majani ya manyoya, kwa kuwa wadudu wadogo wa jasidi hawakuweza kuishambulia kama walivyozoea. Mbegu hiyo, iliyoitwa U4, ililetwa Afrika Mashariki, na katika uzao wake wakapatikana wazazi wa pamba ya Mwanza na Shinyanga. Baadaye Ukiriguru ikatoa mbegu zake yenyewe: UK 77, UK 82, UK 91 na kadhalika, hadi UKM08. Wageni wakisoma herufi hizo hudhani zinataja Uingereza. La hasha! Zinataja Ukiriguru, karibu na Misungwi.

Shirika lile la Waingereza lilibadilishwa jina mwaka 1966, na katika miaka ya 1970 likafunga kazi. Mwaka 1977 ikavunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na pamoja nayo shirika la utafiti wa kilimo na misitu la EAAFRO lililokuwa Muguga, Kenya. Muguga palikuwa na maktaba, maabara na kituo cha karantini kilichokagua mimea iliyotoka nje kwa niaba ya nchi zote tatu. Mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Wakenya wakaunda taasisi yao mwaka 1979, nasi tukaunda TARO mwaka 1980. TARO nayo ikavunjwa mwaka 1989, watafiti wakarudishwa Wizarani. Kisha zikaja kanda za utafiti, kisha TARI. Mtafiti aliyeanza kazi Ukiriguru mnamo 1975 na kustaafu katika miaka ya 1990 alibadilishiwa mwajiri mara mbili pasipo kuhama nyumba. Tunadhani baadhi yao hawakujua hata ni kichwa gani cha barua watumie.

Katika historia hiyo yote kuna mambo mawili ambayo tungependa viongozi wayatafakari. Moja liliokoa watu, na jingine limetutia hasara ambayo bado tunailipa.

La kwanza ni la muhogo. Wajerumani walijenga kituo cha utafiti Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902. Chini ya Waingereza, katika miaka ya 1930, H. H. Storey na wenzake walianza pale kazi ya kutafuta muhogo usiouawa na batobato na michirizi ya kahawia. Waliuchavusha muhogo kwa jamaa zake wa porini, hasa mti ule wa mpira utokao Ceara, Brazili, kisha wakawarudisha watoto wake kwa muhogo tena na tena mpaka ikapatikana mizizi ya kulika. Ilikuwa kazi ya miaka ishirini hivi. Mwaka 1957 kazi hiyo ikasimamishwa. Lau mambo yangeishia hapo, jitihada yote hiyo ingeoza mlimani Amani. Lakini kabla ya kufunga, watafiti walikuwa wamepeleka mbegu Nigeria. Katika uzao wa mbegu hizo ulipatikana mmea uliopewa namba 58308, na katika miaka ya 1970 kituo cha IITA kiliutumia kuzalisha muhogo wenye kustahimili batobato.

Je, muhogo huo ulikwenda wapi? Ulirudi nyumbani. Batobato kali ilipoikumba Uganda kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, ikawaacha watu na njaa, miongoni mwa mbegu za kwanza walizopewa wakulima ni zile za uzao wa Ibadan, zilizopewa huko majina ya Nase. Mwishoni mwa miaka ya 1990 maradhi yaliingia Kagera, na katika miaka iliyofuata yakateremka Mwanza mpaka visiwani. Watafiti wa Ukiriguru na Maruku walipotafuta pa kushika, walikuwa na pa kushika. Mzee wa Ukerewe aliyeona shamba lake la muhogo likijikunja majani na kubaki na mizizi kama vidole anaelewa maana ya maneno hayo bila sisi kuyafafanua.

Na tuseme wazi: hakuna ofisi iliyopanga wokovu huo. Hapakuwa na mkutano ulioazimia kwamba Amani ikifungwa, Nigeria itunze. Ilikuwa ni busara ya watu wachache waliofunga bahasha za mbegu na kuzituma. Nchi haiwezi kuendeshwa kwa kutegemea kwamba daima atatokea mtu wa kufunga bahasha.

Jambo la pili ni la pamba, na hili ndilo la hasara.

Wazee wa Bariadi, Maswa na Meatu wanakumbuka jinsi mbegu ya pamba ilivyokuwa ikitembea. Ukiriguru ikitoa mbegu mpya, ilikuwa haigawiwi ovyo. Ilipandwa kwanza katika eneo moja lililotengwa, pamba yake ikachambuliwa katika kinu kimoja, na mbegu iliyotoka kinuni ikapelekwa mwaka uliofuata katika eneo la jirani. Hivyo mbegu mpya ikaisukuma ya zamani kama wimbi linavyosukuma takataka ufukoni, mwaka hata mwaka, mpaka ikaenea. Kila kinu kilijua eneo lake, na mbegu ya eneo hili haikuruhusiwa kuvuka kwenda eneo lile. Utaratibu huu uliwezekana kwa sababu mnunuzi alikuwa mmoja, yaani chama cha ushirika au bodi.

Mwaka 1994 biashara ya pamba ilifunguliwa kwa watu binafsi. Tulikuwa na haki ya kuifungua. Vyama vilikuwa na madeni, na mkulima alikuwa akikopwa pamba yake na kulipwa kwa miadi. Wafanyabiashara wakaja na fedha taslimu, na wakulima wakashangilia. Lakini gari la mnunuzi lilipakia pamba popote lilipoipata, likaishusha katika kinu chochote kilichokuwa wazi. Mbegu za UK 77 na UK 91 zikachanganyika kinuni, na mbegu zilizobeba ugonjwa wa mnyauko zikasafiri kwenda mahali ambako ugonjwa huo haukuwapo. Kazi iliyojengwa kwa miongo kadhaa ikavurugika katika misimu michache.

Nani aliamua kuufuta utaratibu wa mbegu? Tumeuliza swali hili mara nyingi, na jibu ni kwamba hakuna. Haimo katika sheria yoyote. Waliobadilisha biashara walifikiri juu ya bei, ushindani na madeni. Utaratibu wa mbegu haukuwa na kifungu chake, wala ofisi yake, wala mtetezi katika kikao kile. Ulikuwa umejificha ndani ya ukiritimba, na ukiritimba ulipokufa ukafa nao. Iliwachukua Bodi ya Pamba na watafiti miaka mingi kujenga upya maeneo ya kuzalishia mbegu safi, na ununuzi kurudishwa katika vyama vya msingi mwaka 2018 kumesaidia kiasi. Hata hivyo, ni gharama ngapi zingeepukwa kama mtu mmoja tu angesimama mwaka 1994 na kuuliza: mbegu je?

Ndiyo maana mageuzi ya sasa hatuyatazami kwa macho ya kusinzia.

Kuna tofauti ya saa baina ya mimea na ofisi. Kuzalisha mbegu mpya ya pamba au muhogo, tangu siku ya kuchavusha ua hadi siku mkulima anapoipanda, huchukua miaka minane, kumi, pengine zaidi. Mpango wa mfadhili ni miaka mitatu, na ukibahatika ni mitano. Kwa hiyo mbegu moja yaweza kupita mikononi mwa miradi mitatu kabla haijafika Bariadi. Kila mradi una jina jipya, nembo mpya na fomu mpya za taarifa. Mradi mkubwa wa muhogo wa nchi sita za Maziwa Makuu, uliosimamiwa na shirika la CRS, ulifikia mwisho wake mwaka 2012. Mara ukaja mwingine wa nchi tano, wenye nchi nyingine na masharti mengine. Miradi hiyo ilifanya kazi njema. Lakini mashamba ya pingili yaliyoanzishwa na mradi uliokwisha hulimwa na nani mwaka unaofuata? Aghalabu hulimwa na ng'ombe.

Hapo ndipo muhogo unapotofautiana na mahindi. Mahindi waweza kuyaweka katika chumba cha baridi, ukagombana juu ya muundo wa taasisi kwa miaka miwili, kisha ukayapanda. Muhogo hutunzwa kwa pingili. Sharti uwe ardhini, ukatwe, upandwe tena, upaliliwe na kukaguliwa maradhi. Bajeti ikichelewa na mvua za msimu mmoja zikapita kwa kuwa ofisi mpya haijapata mtia sahihi wa hundi, mkusanyiko wa miaka kumi unaweza kutoweka, na hakuna mkaguzi wa hesabu atakayeandika hasara hiyo, kwa kuwa vitabu vyake havina safu ya mimea iliyokufa.

Pia kuna watu. Taasisi ikitangaza mageuzi na kuwaacha watumishi mwaka mzima bila kujua nani atabaki, wa kwanza kuondoka ni yule mwenye uwezo wa kupata kazi kwingine. Huondoka na daftari kichwani: anajua mstari wa saba katika shamba lile ulistahimili ukame wa mwaka fulani na kwa nini ule wa nane ulikataliwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika utafiti daftari lenyewe ndilo mali.

Tungependa kuongeza jambo kwa ajili ya ndugu zetu wa visiwani, kwa kuwa wao wana nafasi ambayo bara haina. Mwaka 1936, toleo la kwanza la jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapa maelezo ya kilimo cha Wakara: jinsi wanavyofuga ng'ombe ndani na kuchimba shimo la samadi, jinsi wanavyopanda marejea ili kurutubisha udongo, jinsi kisiwa kidogo kinavyolisha watu wengi. Maofisa wa kikoloni walikwenda kujifunza kwa Wakara. Hao walikuwa watafiti kabla neno hilo halijafika kisiwani. Sasa tazama: ugonjwa wa michirizi ya kahawia hubebwa na inzi weupe, lakini inzi hao hawaufikishi mbali. Unaovuka maji kwa kawaida ni ule uliomo ndani ya pingili, zilizofungwa kamba na kupakiwa mtumbwini au juu ya kivuko cha Kisorya na Rugezi. Kumbe kisiwa kina ukuta wake wa asili, illa mlango wake hauna mlinzi. Halmashauri ya Ukerewe, ikishirikiana na Ukiriguru na wakaguzi wa mbegu wa TOSCI, ingeweza kukifanya kisiwa kimojawapo kuwa shamba la pingili safi kwa Kanda nzima, na kuweka ukaguzi Rugezi, Nansio na Bugolora. Kazi hiyo haihitaji kungoja mwafaka wa Ibadan wala wa Washington. Inahitaji bwana shamba, mtumbwi wenye mashine, mafuta, na posho inayolipwa kwa wakati.

Kwa upande wa Simiyu, Serikali iliunda mkoa huo mwaka 2012 na kuweka makao yake Bariadi, na kwa miaka mitatu mfululizo, 2018 hadi 2020, maonyesho ya kitaifa ya Nane Nane yalifanyika Nyakabindi. Mkoa huu umekuwa ukiongoza nchini kwa pamba. Hata hivyo kituo kinachouhudumia kwa utafiti kiko Ukiriguru, mkoa mwingine, na kila taasisi hiyo inapobadilishiwa jina, Bariadi hupata habari baadaye, mara nyingi kwa kuona kibao kipya barabarani. Si haki. Wakulima ambao pamba yao hukatwa tozo kwa ajili ya maendeleo ya zao wana haki ya kuambiwa, kwa lugha wanayoielewa na kupitia afisa ugani wa kata, kwamba kuanzia sasa majaribio ya mbegu yatasimamiwa na fulani, kwamba mashamba ya mfano ya mwaka jana yataendelea au hayataendelea, na kwamba mwenye malalamiko aende kwa fulani.

Tunajua jibu la baadhi ya maofisa: kwamba mambo hayo yamo katika mpango mkakati. Tumeisoma mipango mikakati. Ina michoro mingi ya visanduku na mishale. Tunachokitafuta ndani yake ni orodha: mbegu zilizoko mikononi, mahali zilipopandwa, jina la mtumishi anayezitunza leo na jina la atakayezitunza kesho, na fungu la fedha la kupalilia msimu ambao ofisi zitakuwa zikihama. Orodha hiyo ingeenea katika karatasi mbili. Nakala moja ya kila mkusanyiko wa muhogo ipandwe katika kituo cha pili, kama ilivyofanyika Amani kwa bahati, safari hii kwa agizo. Na makabidhiano ya ofisi yafanyike katika miezi ya Julai na Agosti, pamba ikiwa imekwisha vunwa, kamwe yasifanyike Novemba.

Wizara ya Kilimo ina sauti katika vikao vya TARI, na nchi yetu ni mwenyeji wa watafiti wa CGIAR. Mwenyeji ana haki ya kumwuliza mgeni ataacha nini nyumbani akiondoka. Tunawaomba wakuu wa mikoa ya Simiyu na Mwanza wamwandikie Mkurugenzi wa kituo cha Ukiriguru kuomba orodha hiyo ya karatasi mbili, na wabandike majibu yake katika mbao za matangazo Bariadi na Nansio kabla ya mvua za kwanza.